Nani Hulipia Siku Isiyouma? Historia ya Gharama za Kuzuia Kipandauso, Tukiitazama kutoka Kigwena

Utangulizi

Kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii tumeifundishwa tangu shule ya msingi, na kila kampeni ya afya huirudia. Lakini methali haisemi kinga hiyo hulipiwa na nani, wala hulipwa lini. Katika insha hii ninajaribu kulijibu swali hilo kwa kutumia ugonjwa mmoja ambao hauui haraka, hauambukizi na hauonekani kwa macho: kipandauso. Ninautazama kutoka Kigwena, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Rumonge, kwa sababu hapo ndipo ninapowajua watu wanaouishi.

Hoja yangu ni kwamba dawa za msingi za kuzuia kipandauso ni za zamani na si ghali zikitazamwa kidonge kwa kidonge. Kilichozifanya ziwe mbali na mkulima na mchuuzi wa mwambao ni historia ya namna matibabu yalivyolipiwa nchini Burundi, hasa tangu mwaka 1984. Kila mfumo wa malipo uliokuja ulijiuliza mgonjwa alipe nini siku anapougua. Hakuna uliojiuliza nani alipe siku ambazo mgonjwa haumwi, na dawa ya kuzuia hunywewa hasa siku hizo.

Jina na ugonjwa

Jina la Kiswahili linajieleza: ni kitu kinachoupanda uso. Waarabu huuita shaqiqa, neno linalotokana na kupasua au nusu, na Wayunani wa kale waliuita kwa jina lenye maana ya nusu ya kichwa, ambalo ndilo lililozaa jina la Kifaransa tunalolisikia hospitalini. Lugha hizi zimeona jambo moja: maumivu mara nyingi hushika upande mmoja. Madaktari wa leo huongeza kwamba hudunda kama mapigo ya moyo, hudumu kati ya saa 4 na saa 72 yasipotibiwa, huja na kichefuchefu, na humfanya mgonjwa achukie mwanga na kelele.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa watu wa mjini, au wa Wazungu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa na madaktari wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kipandauso kwa watu wapatao 4 kati ya kila 100 wa vijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Zambia ulipata idadi kubwa zaidi, zaidi ya 20 kati ya 100. Tofauti hiyo inatufundisha kwamba idadi hutegemea namna ya kuuliza, lakini tafiti zote mbili zinakanusha kwamba Mwafrika wa kijijini haugui ugonjwa huu. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2016 yalihesabu wagonjwa zaidi ya bilioni 1, na kipandauso kilikuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa za kupoteza siku za afya kwa wanawake wenye umri chini ya miaka 50.

Kigwena ina mambo mengi yanayoweza kukichochea. Barabara ya taifa nambari 3 inapita kati ya msitu wa akiba wa Kigwena na mashamba ya michikichi, na upande wa magharibi kuna ziwa. Wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku kwa taa. Alfajiri wanawake hupokea samaki na kuwaanika kwenye mchanga, jua likiwa usoni na mwanga wa ziwa ukiwarudia machoni. Wengine hukamua mawese karibu na moshi wa kuni. Kukosa usingizi, mwanga mkali, kuruka mlo, harufu kali: daktari yeyote akimworodheshea mgonjwa mambo ya kuepuka, atakuwa ameorodhesha siku ya kawaida ya kazi ya mwanamke wa pwani hii.

Tiba za wazee na malipo yake

Kabla ya zahanati, kichwa kilitibiwa kwa chuku. Pembe iliwekwa kwenye paji la uso au kisogo, hewa ikafyonzwa, damu kidogo ikatolewa. Warundi huita kitendo hicho kurumika na Waswahili huita kuumika; maneno ni ndugu. Kwa Waislamu wa Rumonge tiba hii ina uzito zaidi, kwani imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume alipigwa chuku kichwani kwa sababu ya shaqiqa.

Sina nia ya kupima hapa kama chuku huponya. Ninachokitazama ni malipo. Bibi mmoja wa Kigwena, ambaye ameumikwa mara nyingi tangu ujana wake, alinieleza kwamba mganga alilipwa kwa kitu kilichopo nyumbani, kuku au mawese, na kwamba sehemu ya malipo ilisubiri mtu apate nafuu. Asiyekuwa na kitu msimu huo alidaiwa, na deni hilo lilikuwa kati ya watu wanaojuana. Malipo yalifuata maumivu. Tiba ilipohamia kwenye jengo la serikali lenye dirisha la malipo, mpangilio huo uligeuka.

Dawa ya kuzuia ilivyopatikana

Historia ya dawa za kuzuia kipandauso ni historia ya dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa mengine. Mwaka 1959 daktari Mwitaliano Federigo Sicuteri alieleza matumizi ya methisajaidi, dawa ya kwanza kupata sifa ya kuzuia kipandauso. Ilisaidia wengi, lakini baadhi ya walioitumia kwa muda mrefu walipata makovu ya ndani yaliyobana figo na viungo vingine, na matumizi yake yakapungua.

Dawa ya pili ina bahati ya ajabu. Mwanasayansi Mskoti James Black alitengeneza propranololi katika miaka ya mwanzo ya 1960 ili kutuliza moyo wenye maumivu. Mwaka 1966 madaktari wa Afrika Kusini waliokuwa wakiijaribu kwa wagonjwa wa moyo walieleza kwamba mgonjwa mmoja alipata nafuu ya kipandauso chake pia. Majaribio yakafuata, na dawa ya moyo ikawa dawa ya kichwa. Black alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Njia kama hiyo ilipitiwa na amitriptilini, iliyoanza kama dawa ya sonona, na baadaye na dawa kadhaa za kifafa.

Dawa hizi zina mipaka. Haziponyi; kwa wengi zinazosaidia, hupunguza idadi ya siku za maumivu, na hupimwa kwa wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kusema zimefaulu au zimeshindwa. Propranololi haifai kwa mwenye pumu. Lakini haki miliki zake zimekwisha zamani, viwanda vingi huzitengeneza, na propranololi imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani kama dawa ya kuzuia kipandauso.

Dawa za kwanza zilizobuniwa makusudi kuzuia kipandauso zilichelewa mno. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha erenumabi, sindano ya kila mwezi, kwa bei ya orodha ya dola 6,900 kwa mwaka. Wanasayansi wanne waliofungua njia ya ugunduzi huo walipata Tuzo ya Ubongo mwaka 2021. Kwa mwambao wetu bei hiyo ni hadithi tu: pato la wastani la Mrundi mmoja mwaka 2018 halikufika dola 300. Angelazimika kukusanya pato lake lote kwa zaidi ya miaka 20 ili alipie mwaka mmoja wa sindano. Kwa hiyo swali la gharama huku kwetu si swali la sindano mpya. Ni swali la kwa nini kidonge cha miaka ya 1960 bado hakijafika.

Malipo ya matibabu nchini Burundi

Mwaka 1980 serikali iliunda bima ya watumishi wa umma. Mwalimu au karani akawa na mtu wa kumsaidia kulipia dawa mwezi baada ya mwezi, hata za ugonjwa usiokwisha. Kwa wakulima na wavuvi, ambao ndio wengi, ilikuja mwaka 1984 kadi ya matibabu, ambayo wengi huitaja kwa herufi zake za Kifaransa, CAM. Kaya ilinunua kadi kwa faranga 500 na kutibiwa mwaka mzima katika vituo vya serikali. Kwa thamani ya wakati ule faranga 500 zilikuwa kama dola 4.

Kadi ilikuwa wazo zuri, kwa kuwa ilimtaka mtu alipe kabla ya kuugua. Lakini wazee wawili wa Rumonge niliozungumza nao walikumbuka jambo lile lile: watu wengi walisubiri mtu augue ndipo wakimbilie kadi, na waliokuwa nayo mara nyingi waliambiwa dawa zimekwisha. Kadi ilifungua mlango wa kituo, lakini haikujaza rafu. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, wakakubaliana kwamba vituo viuze dawa kwa faida ndogo ili fedha zinunue dawa nyingine. Bara zima likaanza kuzoea kwamba mgonjwa huchangia akiwa dirishani. Hata ng'ambo ya ziwa, Tanzania, ambayo tangu enzi za Azimio la Arusha ilikuwa imejivunia matibabu ya bure, ilianza uchangiaji mwaka 1993.

Mwaka huo huo wa 1993, mwezi wa Oktoba, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vikaanza. Kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Kisha mwaka 2002, vita vikiwa havijaisha, serikali ilipanua mfumo wa kumtaka mgonjwa alipe gharama: kumwona mganga, vipimo, dawa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilichapisha ripoti mwaka 2004 likionyesha kwamba karibu watu milioni 1 walikuwa hawafikii hata huduma ya kwanza. Mwaka 2006 Human Rights Watch ilieleza jinsi wagonjwa waliopona walivyozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Mtu aliyeona jirani yake akizuiliwa kwa deni la upasuaji hakwenda hospitali kusema kwamba kichwa kinamuuma mara mbili kwa wiki.

Mei 2006 serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Uamuzi huu uliokoa maisha, nami simjui mtu wa Kigwena anayeulaumu. Mwaka 2010 mfumo wa kuvilipa vituo kulingana na kazi vilivyofanya ulienea nchi nzima, ukaunganishwa na huduma hizo za bure. Mwaka 2012 kadi ilifufuliwa kwa faranga 3,000, karibu dola 2 za wakati huo, mwenye kadi akibaki na sehemu ndogo ya kulipa.

Hapa ndipo kipandauso kinatuonyesha pengo. Watoto wa chini ya miaka mitano ni nadra kutambuliwa kuwa nacho. Kwa wasichana huongezeka baada ya kubalehe, na hukaa na mwanamke katika miaka yake ya kazi na uzazi. Wakati wa ujauzito, hasa miezi ya mwisho, wanawake wengi hupata nafuu yenyewe, kisha maumivu hurudi baada ya kujifungua. Yaani huduma ya bure humkuta mwanamke ugonjwa wake ukiwa umelala, na humwacha siku chache kabla haujaamka. Aliyeitunga sera hakukusudia hivyo. Alikuwa akipigana na vifo. Lakini mipaka ya msamaha ilichorwa kwa kufuata vifo tu, na ugonjwa usioua ukabaki nje pande zote mbili.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tuhesabu bila kutaja faranga, maana bei hubadilika kila msimu. Mgonjwa akiandikiwa propranololi ya miligramu 40 asubuhi na jioni, anahitaji vidonge 730 kwa mwaka. Akiandikiwa amitriptilini usiku, ni vidonge 365 vya dozi ndogo. Vikitolewa kwa mwezi mmoja mmoja, ni safari 12. Kila safari ina nauli ya baiskeli au gari, na miaka hii ya uhaba wa mafuta nauli haitabiriki. Kila safari pia hula siku ya kazi. Kwa mwanika ndagala siku ya kazi si mshahara unaokatwa tu, ni samaki wanaooza.

Mama yangu mdogo anaishi Kigwena na ana kadi. Mwaka juzi kituo kimoja cha afya kilimwandikia dawa ya kuzuia baada ya miaka mingi ya kutibiwa malaria ambayo mara nyingi haikuonekana kwenye kipimo. Mwezi wa kwanza dawa ilipatikana. Mwezi wa pili alielekezwa kwenye duka la dawa la mtu binafsi, ambako kadi haikumsaidia. Mwezi wa tatu, ambao ndio ungeonyesha kama dawa inafaa, hakunywa. Alinieleza sababu yake kwa utulivu: "Mwanangu, siku kichwa hakiumi, pesa ina mwenyewe. Kuna daftari la mtoto, kuna chumvi ya samaki. Nitaitoaje kwa ajili ya kichwa kizima?"

Sijaona maelezo ya uchumi wa kinga yaliyo wazi kuliko hayo. Siku ya maumivu humlazimisha mtu kutoa pesa. Siku ya afya humpa sababu kumi za kutoitoa. Basi wengi hurudi kwenye kile kinachouzwa viwili viwili dukani: vidonge vya kutuliza maumivu. Navyo vina mtego. Mtu anayevimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, huweza kupata maumivu ya kichwa yanayosababishwa na vidonge vyenyewe. Kinachoonekana kuwa rahisi kila asubuhi huwa ghali mwisho wa mwaka, lakini gharama hiyo haionekani, kwa kuwa hailipwi kwa mkupuo.

Ulinganisho na mwalimu mwenye bima ya mwaka 1980 unasaidia. Huyu naye analalamikia upungufu wa dawa. Lakini mchango wake hukatwa kwenye mshahara kabla hajaugusa. Hahitaji kila mwezi kuchagua kati ya kichwa kizima na daftari la mtoto, kwa kuwa mfumo umechagua kwa niaba yake. Kwa hiyo tofauti kati yake na mwanika samaki haiko katika kujali afya. Mmoja ana mfumo unaolipa siku zisizouma, na mwingine hana.

Hoja iliyo kinyume

Mwenzangu mmoja darasani aliniuliza kama si anasa kuzungumzia kipandauso mahali penye malaria, kipindupindu na mafuriko ya ziwa. Ni swali la haki. Bajeti ni ndogo, na mtoto mwenye malaria atakufa usipomtibu leo.

Ninajibu kwa mambo mawili. La kwanza, kutokukitambua kipandauso hakuokoi fedha za malaria bali huzila. Kila mgonjwa wa kichwa anayepewa dawa ya malaria bila ugonjwa huo kuthibitishwa anatumia dawa ya mwingine. La pili, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku za kazi anazopoteza mwanamke aliyejifungia gizani hazimo katika kitabu cha kituo, lakini zimo katika chakula cha nyumba yake. Ugonjwa uliokosa kuhesabiwa ulikosa kwanza bajeti, kisha ukosefu wa bajeti ukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba si tatizo.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba kati ya mwaka 1984 na 2012 Burundi ilijaribu kadi, malipo ya dirishani, msamaha kwa makundi maalumu, kisha kadi tena. Kila hatua ilijibu dharura ya wakati wake, na baadhi ziliokoa maelfu ya watu. Lakini zote zilimchukulia mgonjwa kama mtu anayekuja, anatibiwa na kuondoka. Mgonjwa wa kipandauso, kama yule wa shinikizo la damu, kifafa au kisukari, haondoki. Anahitaji rafu iliyojaa mwezi wa tatu kama ilivyokuwa mwezi wa kwanza.

Marekebisho yanayofuata kutokana na historia hii si makubwa: kipandauso kiwe na mstari wake katika kitabu cha wagonjwa cha kituo cha afya, propranololi na amitriptilini zihesabiwe pamoja na dawa ambazo hazitakiwi kuisha, na mgonjwa aliyezoea dawa yake apewe ya miezi mitatu kwa mara moja, ili safari 12 ziwe 4. Kwetu sisi wanafunzi kuna kazi nyingine. Historia ya afya ya mwambao huu imeandikwa zaidi kupitia vita na magonjwa ya mlipuko. Wazee waliozijua faranga 500 za kadi bado wapo Rumonge, Kigwena na Nyanza-Lac, na wanaieleza historia hiyo kwa Kiswahili. Tusipowauliza sasa walilipa nini na kwa siku gani, baada ya miaka michache tutabaki na ripoti zinazohesabu waliokufa tu.